Picha Moja kwa Mwezi

Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilipokuwa inaanza mwaka 1939, jumba la sanaa la National Gallery mjini London liliihamisha michoro yake na kuipeleka Wales. Kuanzia mwaka 1941 ikahifadhiwa chini ya ardhi, ndani ya machimbo ya mawe ya Manod. Kumbi zikabaki tupu. Mpiga piano Myra Hess akamwendea mkurugenzi wa jumba hilo, Kenneth Clark, na wazo la kuzijaza kumbi hizo kwa muziki. Tamasha la kwanza lilifanyika tarehe 10 Oktoba 1939, saa ya mapumziko ya mchana, na yakaendelea kila siku ya kazi, Jumatatu hadi Ijumaa, mpaka mwaka 1946. Kwa jumla yalizidi 1,600. Mabomu yalipokuwa yakipamba moto, wasikilizaji walihamia vyumba vya chini na muziki ukaendelea hukohuko.

Kisha mwanzoni mwa mwaka 1942 msomaji mmoja akaliandikia gazeti la The Times. Jiji limejeruhiwa, alisema, na kwa sababu hiyo hasa watu wanahitaji kuona vitu vizuri. Aliomba mchoro wa Rembrandt, mchoraji Mholanzi, ambao jumba lilikuwa limeununua karibuni utundikwe watu wauone. Ukatundikwa, nao wakaja. Hapo ukaanzishwa utaratibu mpya: kila mwezi mchoro mmoja ulitolewa machimboni, ukasafirishwa hadi London na kuonyeshwa peke yake, huku mingine yote ikibaki gizani.

Ninachokipenda katika kisa hiki ni udogo wa kile walichopewa watu wale. Mchoro mmoja, mwezi mzima. Hawakuwa likizoni. Wengi walitoka kazini na kurudi kazini, na usiku huohuo king'ora kingeweza kulia. Walisimama, wakatazama, wakaenda zao. Sanaa haikungoja amani irudi ndipo iwafae.

Wengi wetu tunafanya kinyume. Filamu, vitabu, maonyesho ya sanaa na safari tunaviahirisha mpaka tupate nafasi. Tutasoma tukistaafu. Tutasafiri watoto wakishakua. Makumbusho tutaingia siku tukiwa wageni katika mji wa watu, maana yale ya mji tunamoishi tunahisi yapo tu, hayakimbii. Na nafasi ikipatikana tunataka kufidia yote kwa mkupuo: majumba matatu ya makumbusho kwa siku moja, filamu mfululizo mpaka macho yawashe, safari ambayo ratiba yake haina hata pengo la kukaa chini. Mimi ninaamini raha ya vitu hivi inakaa katika siku za kawaida, kwa vipimo vidogo, na inakua kila tunapovirudia vilevile tulivyokwisha kuviona. Nitajaribu kueleza kwa nini, na nitakaa zaidi kwenye michoro kwa sababu huko ndiko nilikojifunza kutazama.

Mwaka 2001 Jeffrey Smith na Lisa Smith walichapisha utafiti walioufanya katika jumba la Metropolitan la New York. Walipima muda ambao wageni walisimama mbele ya kazi za sanaa zenye sifa kubwa. Wastani ulikuwa sekunde 27 hivi, lakini wastani huo ulivutwa juu na wachache waliokawia. Nusu ya watazamaji hawakuzidi sekunde 17. Humo ndani mtu anasoma pia kibao cha maelezo. Siwalaumu hata kidogo. Kumbi ni ndefu, miguu inachoka, na kuna sauti kichwani inayokukumbusha vyumba vyote ambavyo bado hujaviona.

Yupo naye Jennifer Roberts, profesa wa historia ya sanaa katika Chuo Kikuu cha Harvard, anayewataka wanafunzi wake wakae mbele ya kazi moja kwa saa 3 kamili kabla ya kuanza kuifanyia utafiti. Zoezi hilo alilifanya yeye mwenyewe mbele ya mchoro wa John Singleton Copley wa mwaka 1765, unaoonyesha mvulana na kindi mdogo aliyefungwa mnyororo. Zilipita dakika 9 ndipo akagundua kwamba umbo la sikio la mvulana linafanana na ukingo wa manyoya tumboni mwa kindi. Zilipita dakika 45 ndipo akaona kwamba mikunjo ya pazia lililo nyuma, ambayo mtu angedhani imejikunja ovyo tu, inarudia maumbo ya sikio na jicho la yule mvulana. Vitu hivyo vilikuwa mbele ya macho yake tangu dakika ya kwanza.

Saa 3 ni nyingi kwa mtu mwenye kazi na nyumba ya kuhudumia. Lakini kati ya sekunde 17 na saa 3 pana uwanja mkubwa, na robo saa inapatikana kwa karibu kila mtu.

Ninapoingia kwenye maonyesho huwa nazunguka kwanza haraka, mikono nyuma, bila kusoma kitu. Sitafuti kilicho maarufu, nasubiri kuitwa. Daima kipo kimoja kinachonivuta shingo nikiwa nimekwisha kukipita. Nikimaliza mzunguko narudi kwa hicho na kukaa nacho. Natazama kwa mbali mpaka nijue uzito wake uko upande gani, kisha nasogea mpaka rangi ziache kuwa mkono au wingu na zibaki rangi. Natazama kingo na pembe, maana hapo mchoraji huweka vitu alivyojua watu wengi hawatavitafuta. Kibao cha maelezo nakisoma mwishoni kabisa. Ukikisoma mapema, macho yanageuka kuwa ya mkaguzi: yanakwenda kuhakikisha kilichoandikwa na yakishakiona yanafunga kazi. Nikitoka nimeuona mchoro mmoja vizuri na mingine kwa kupita, nahesabu siku hiyo kuwa nzuri sana.

Chukua mchoro wa Johannes Vermeer wa mwanamke anayemimina maziwa, aliouchora takriban mwaka 1660 na ambao upo katika jumba la Rijksmuseum, Amsterdam. Ni mdogo, sentimita 45.5 kwa 41. Katika sekunde za kwanza unaona mwanamke, mtungi, uzi mweupe wa maziwa, na unasema: naam, nimeelewa. Endelea kutazama. Kipande kimoja cha kioo cha dirishani kimevunjika. Juu ukutani kuna msumari usiobeba kitu, nao una kivuli chake, na karibu yake kuna matundu ya misumari iliyokwisha kung'olewa. Chini sakafuni kuna kisanduku cha mbao cha kupashia miguu joto. Mtu ambaye angeweza kuchora ukuta mweupe tu aliamua kuchora tundu la msumari. Hapo ndipo ninapomwamini kabisa: alimpa mtumishi wa jikoni na ukuta wake uangalifu ambao wengine waliwawekea wafalme.

Mwaka 2022 watafiti wa jumba hilo walitangaza kwamba chini ya rangi ya ukuta ule waligundua rafu ya kutundikia magudulia aliyoanza kuichora kisha akaifuta, na chini kulia kapu kubwa alilolifunika pia. Kwa hiyo utupu tunaouona nyuma ya kichwa cha mwanamke yule aliutengeneza kwa kuondoa. Tangu nilisome jambo hilo, kila ninapoutazama mchoro huo nauona ukuta kwanza. Hii ndiyo sababu sichoki kurudia kitu kilekile. Mchoro haukubadilika, mimi nimeongezewa kitu cha kuuliza.

Kuna atakayesema: mimi Amsterdam sitafika. Hata hivyo jumba hilo limeweka picha za mkusanyo wake kwenye intaneti bure, zenye ubora wa kukuwezesha kuusogelea msumari kuliko mlinzi wa ukumbi angekuruhusu. Metropolitan nalo mwaka 2017 lilifungua zaidi ya picha 375,000 za kazi zake zitumike bila malipo wala kuomba ruhusa. Picha ya simu si mchoro, hilo nalikubali. Inaficha ukubwa. Mchoro wa Guernica wa Pablo Picasso una upana wa karibu mita 8, na hakuna kioo cha mkononi kinachoweza kumfunika mtu namna ile. Lakini kwa maisha ya kila siku simu inatosha kabisa kuanzia. Utaratibu wangu nimeuiga kwa watu wa London: mwezi ukianza nachagua mchoro mmoja, nauweka uwe picha ya mbele ya skrini ya simu yangu, na kwa siku zote za mwezi huo kila nikitaka kujua saa ngapi naukuta. Baada ya wiki ya kwanza macho yanauzoea. Wiki ya pili yanauchoka. Ukivumilia uchovu huo, wiki ya tatu unaanza kuuona upya, na mara nyingi kinachojitokeza ni kitu kilichokaa pembeni.

Mwezi mmoja ulikuwa wa picha ya wimbi kubwa ya Hokusai, msanii wa Japani, ya takriban mwaka 1831. Nilichokuwa sijakitambua kabla ya hapo ni kwamba picha hiyo haikuwa kitu cha ikulu. Ilichongwa kwenye mbao, ikapigwa chapa nyingi na kuuzwa kwa watu wa kawaida, kwenye karatasi ya sentimita 25 kwa 37 hivi. Mbao zilivyozidi kutumika zilichakaa, ndiyo maana nakala zilizosalia katika majumba mbalimbali ya makumbusho hazilingani: nyingine mistari yake imenyooka safi, nyingine imekatikakatika. Kuweka nakala mbili kando kwa kando na kusaka tofauti zake ni mchezo wa jioni nzima, na nimemwona mtoto akiucheza kwa makini kuliko watu wazima waliokuwa chumbani.

Kwenye filamu mambo yanageuka kidogo, kwa sababu filamu inakuja na muda wake wenyewe. Mchoro unakungoja, kitabu unaweza kukifunga kidole kikiwa ndani, bali filamu inapita na isipopokelewa imepotea. Kwa hiyo naona simu mkononi inaidhuru filamu kuliko inavyodhuru kitu kingine chochote. Mtu anayeinua simu kila baada ya dakika chache anapata hadithi, anajua nani alimuoa nani, lakini anakosa ule ukimya kati ya maneno mawili ambamo mwongozaji aliweka kila kitu.

Zamani za utepe wa filamu, picha 24 zilipita mbele ya taa kila sekunde, na kati ya picha na picha kizibo kilikata mwanga ili utepe upate kusogea. Ukivijumlisha vipande hivyo vya giza, aliyekaa ukumbini saa 2 alikuwa gizani karibu nusu ya muda huo bila kujua. Mwendo aliouona uliunganishwa na akili yake mwenyewe. Nalipenda sana jambo hili. Mtu akikaa mbele ya filamu kwa utulivu anafanya kazi, tena kazi ya kuunganisha, na wanaosema kutazama sinema ni uvivu hawajawahi kuitazama hivyo.

Swali linaloniudhi kidogo ni lile la muda. "Filamu ni saa 2, nani ana saa 2 usiku wa kazi?" Nani alisema ni lazima ziwe saa 2? Tarehe 28 Desemba 1895, ndugu Auguste na Louis Lumière walipofanya onyesho lao la kwanza la kulipia katika Grand Café mjini Paris, walionyesha filamu 10, na hakuna iliyofika dakika moja. Wafanyakazi wanatoka kiwandani. Mtoto mchanga analishwa na wazazi wake. Mtunza bustani anamwagiwa maji na mvulana mtundu. Sinema ilizaliwa fupi, na ilizaliwa ikitazama siku ya kawaida. Filamu fupi nzuri zipo nyingi mno leo, na moja ya dakika 10 iliyotazamwa kwa makini kabla ya kulala inakaa na mtu kuliko filamu ndefu iliyotazamwa huku akipiga pasi. Hata filamu ndefu haina ubaya kuikata usiku mbili. Waandishi wa riwaya walizikata kazi zao sura kwa sura na hakuna aliyewasuta.

Filamu niliyoipenda naitazama mara ya pili, na mara hiyo ya pili ndiyo ninayoithamini. Mwisho nimekwisha kuujua, wasiwasi umeniondoka, na sasa naweza kusikia. Nasikiliza mlango unaofungwa nje ya picha. Naangalia kamera imewekwa urefu gani, nani anaonekana mzima na nani anakatwa na ukingo, kwa nini mtu huyu kila anapozungumza amekaa nyuma ya kitu. Hakuna shule inayohitajika kwa hili. Kaa ujiulize: kwa nini nimetazamishwa hiki na si kile?

Ousmane Sembène wa Senegal, aliyezaliwa mwaka 1923, alikuwa mpakuaji wa mizigo katika bandari ya Marseille kabla ya kuwa mwandishi wa riwaya. Alipoona vitabu vyake haviwafikii wengi wa watu aliowaandikia, kwa kuwa hawakuwa wamefundishwa kusoma, alikwenda Moscow mwanzoni mwa miaka ya 1960 kujifunza kutengeneza filamu, naye alikuwa anakaribia umri wa miaka 40. Aliichukulia sinema kuwa shule ya jioni. Mwaka 1966 aliigeuza hadithi fupi yake mwenyewe kuwa filamu ya takriban saa moja, La Noire de..., inayomhusu Diouana, msichana wa Dakar anayechukuliwa na waajiri wake hadi Ufaransa kufanya kazi za ndani. Katika filamu hiyo Diouana haongei sana na watu waliomzunguka. Tunayoyasikia ni mawazo yake. Mabwana zake wanamwona bubu, sisi tunamsikia akizungumza bila kukoma. Ukisoma hadithi kisha ukaitazama filamu, au kinyume chake, utajifunza kuhusu vitabu na kuhusu filamu kwa wakati mmoja: karatasi inaweza nini ambacho picha haiwezi, na picha inasema nini papo hapo ambacho karatasi ingehitaji ukurasa mzima.

Kuhusu vitabu nitasema machache, kwa kuwa watetezi wake ni wengi na wanajua kusema. Kwa anayedai hana muda: kurasa 10 kwa siku ni kurasa 3,650 kwa mwaka, vitabu 12 vya kurasa 300. Kurasa 10 zinaingia kwenye foleni, kwenye kiti cha basi, kwenye dakika za kungoja sufuria ichemke. Lakini nisingependa mtu aondoke na hesabu hiyo kama shabaha. Watu wamezoea kutangaza idadi ya vitabu walivyomaliza mwaka huu, na ninawaelewa, ila naogopa idadi hiyo inawafanya wavikimbie vitabu vinene na kuviogopa vile vinavyotaka kusomwa polepole. Diwani ya mashairi ya kurasa 60 inaweza kumchukua mtu mwaka, na mwaka huo ukawa mwaka mzuri wa kusoma.

Jambo jingine tumelipoteza bila kuliaga: kusoma kwa sauti. Katika karne ya 4, Augustino alipofika Milan alimkuta Askofu Ambrosi akisoma macho yakipita juu ya kurasa huku ulimi umetulia, na jambo hilo lilimshangaza kiasi cha kuliandika. Sisi leo tungemshangaa anayesoma kwa sauti. Jaribu, hata ukiwa peke yako. Sentensi mbovu inajifichua mara moja ulimini, na sentensi nzuri inakupa raha ambayo macho peke yake hayaifikii. Lugha yetu hii ilijengewa masikio. Utenzi, na mizani zake 8 katika kila mstari, haukuandikwa ukae kimya. Beti chache zilizohifadhiwa kichwani ni mali usiyoibiwa, na unaweza kutembea nazo kutoka nyumbani hadi kituoni bila chaji wala bando.

Kitabu kisichonishika nakiacha. Nakirudisha rafuni kwa heshima, kwa sababu mara kadhaa imetokea kwamba kilekile nilichokiacha nilikuja kukisoma baada ya miaka kwa usiku mmoja. Kitabu na msomaji lazima wakutane wakati unaofaa.

Halafu safari. Hapa ndipo watu wanaponibishia zaidi, kwa sababu safari inahitaji nauli, ruhusa kazini, pengine pasipoti na viza, na si haki kujifanya vizuizi hivyo havipo. Vipo, na kwa wengi ni vikubwa mno. Lakini sehemu ya safari inayombadilisha mtu haipo kwenye umbali. Mwaka 1790 afisa kijana aliyeitwa Xavier de Maistre alifungiwa chumbani mwake mjini Turin kwa siku 42 kwa kosa la kupigana na mwenzake kwa silaha. Akaandika kitabu cha safari ya kukizunguka chumba hicho: kitanda, kiti cha kuegemea, picha za ukutani, barua za zamani, mtumishi wake, mbwa wake. Kimeendelea kusomwa kwa zaidi ya miaka 200. Na mwezi Oktoba 1974 mwandishi Mfaransa Georges Perec alikaa kwa siku 3 kwenye uwanja wa Saint-Sulpice, Paris, akiandika kila kilichopita: namba za mabasi, watu na mizigo yao, njiwa, mbwa, mabadiliko ya mwanga. Sanamu na kanisa la hapo aliziacha kwa makusudi, maana zilikwisha kuandikwa na wengine. Alitaka yale yanayotokea wakati hakuna kinachotokea.

Nimelijaribu zoezi hilo na nalipendekeza kwa moyo wote. Chukua saa moja na daftari, kaa mahali unapopita kila siku, uandike tu unachokiona, bila kutafuta maneno mazuri. Dakika za mwanzo zinachosha. Halafu unaanza kuona kwamba mahali pale pana utaratibu: nani huja saa ngapi, nani humsalimia nani, kivuli cha jengo kinasogea wapi na wauzaji wanasogea nacho. Zoezi jingine ni kupanda basi hadi mwisho wa njia ambayo siku zote unashukia katikati, kisha kurudi kwa miguu kadiri unavyoweza. Mji unaoujua unageuka mgeni kwako ndani ya adhuhuri moja.

Mtu aliyejizoesha hivyo, siku akipata safari ndefu, atasafiri tofauti. Mshairi wa Japani Matsuo Bashō alipoondoka Edo, Tokyo ya leo, mwaka 1689 pamoja na mwanafunzi wake Sora, walisafiri karibu kilomita 2,400, nyingi kwa miguu, kwa takriban miezi 5. Kitabu kilichotokana na safari hiyo, kilichochapwa mwaka 1702 Bashō akiwa amekwisha kufariki, ni chembamba ajabu. Miezi ya mvua na milima ameisuka katika kurasa chache, kwa sababu alijua cha kuacha. Ibn Battuta kwa upande wake alitoka Tangier mwaka 1325 akiwa na miaka 21, akafika Kilwa mwaka 1331, akaendelea kutembea dunia kwa miongo, na ndipo akamsimulia yote katibu Ibn Juzayy, kazi iliyokamilika mwaka 1355. Mmoja alichuja, mwingine alijaza. Nawapenda wote wawili. Katika safari zangu mwenyewe nimeona inafaa kuchagua kitu kimoja cha kwenda kukiona na kuacha siku zilizobaki wazi. Kitabu kuhusu mahali nilipokwenda nakisoma baada ya kurudi, si kabla. Watu wengi hufanya kinyume na wana sababu zao, lakini nikisoma baadaye kila jina la mtaa lina harufu na joto lake, nami nasoma nikiwa nina cha kubishana na mwandishi.

Yupo pia anayependa kuambiwa faida. Mwaka 2019 jarida la kitabibu la BMJ lilichapisha utafiti ulioongozwa na Daisy Fancourt, uliowafuatilia watu 6,710 wa Uingereza wenye umri wa miaka 50 na kuendelea kwa takriban miaka 14. Waliokwenda makumbusho, maonyesho ya sanaa, michezo ya kuigiza au matamasha kila baada ya miezi michache au zaidi walikuwa na hatari ya kufariki katika kipindi hicho iliyo chini kwa asilimia 31 kuliko wasiokwenda kabisa, hata baada ya watafiti kuzingatia kipato, elimu na afya. Utafiti wa namna hiyo hauthibitishi kwamba sanaa ndiyo iliyowaongezea maisha, na waandishi wake hawakudai hivyo. Nauheshimu. Lakini siendi kumtazama mwanamke wa Vermeer kwa ajili ya moyo na mishipa yangu ya damu. Nakwenda kwa sababu yule mwanamke anamimina, na kila nikimtazama bado hajamaliza.

Kilichobaki ni suala la wenzi. Vitu hivi vinaweza kufurahiwa peke yako, na kutazama mchoro napenda nikiwa peke yangu. Filamu na vitabu lakini vinanoga vikipata mtu wa kubishana naye. Nina rafiki ambaye tumekubaliana tusiulizane kama filamu ilikuwa nzuri au mbaya, maana jibu la swali hilo humaliza mazungumzo. Tunaulizana: umeona nini? Hapo hakuna anayeshinda kwa kuwa msomi. Anayeona ndiye mwenye la kusema, na mara nyingi ameona kitu kilichonipita kabisa.

Tulipotazama La Noire de... tulikwama kwenye dakika zake za mwisho, na tumekwama hapo mpaka leo. Diouana, alipoanza kazi, aliwapa waajiri wake kinyago kama zawadi. Baada ya yaliyompata huko Ufaransa, bwana wa nyumba anakuja Dakar kukirudisha kwa mama yake Diouana. Mama anazikataa fedha anazopewa. Mtoto wa kiume anakichukua kinyago, anakivaa usoni, na mtu yule anapoondoka kwa haraka kuelekea garini, mtoto anamfuata hatua kwa hatua bila kusema neno. Mimi nasema anamfukuza. Rafiki yangu anasema hapana, anamsindikiza kama mgeni anavyosindikizwa, na kwamba adabu hiyo ndiyo inayomtia hofu. Nimemwambia aangalie mwendo wa mtoto. Ameniambia niangalie uso wake kinyago kinaposhushwa. Jumamosi tunaitazama tena.